Rashasha Tano na Muhtasari wa Katibu Kefa

Fundi Zakayo,

Nakuandikia nikiwa ndani ya treni, nimekaa dirishani, na kofia yako ya manyoya iko magotini pangu. Ndiyo, nilipewa mimi. Hainiingii. Miaka yote ulibisha kwamba kichwa chako ni kikubwa kuliko changu, sasa ubishi umekwisha, na ushindi wenyewe hauna raha kwa sababu hupo nikuringie.

Sijui barua ya namna hii hupitia njia gani. Naandika kwa sababu uliniachia kazi, na wewe hukuwa mtu wa kuacha kazi bila kudai taarifa. Basi taarifa ni hii. Katikati ina mahali pa aibu, tena pakubwa, kwa hiyo naomba usikasirike kabla ya kufika mwisho.

Kazi yenyewe ulinipa hospitalini. Nilikuletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, nikakukuta una mpira puani, ukaniashiria nisogee. Nilidhani utasema neno kuhusu mkeo Rispa, au kuhusu Mungu. Ukasema, "Deo, zile tano zisitenganishwe. Na wasiziyeyushe." Nikakubali papo hapo, maana mtu mwenye mpira puani habishiwi. Ni kwenye basi la kurudi ndipo nilipong'amua nimekubali nini. Mimi, Deogratias, niliyetoka Burundi mbio huku rashasha zikilia nyuma ya mgongo wangu, nimeahidi kuzitafutia rashasha tano makao mema.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponionyesha? Nilikuja kwako Märsta, hapa Uswidi, kula ugali. Baada ya chakula ukaniambia njoo uone kitu, ukafungua lile kabati la chuma katika chumba ambacho watu wengine huweka meza ya kupigia pasi. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa kwenye ngazi za jengo, ghorofa mbili chini, na kiatu kimoja. Ulinifuata na kiatu cha pili. Hukucheka (ulicheka wiki iliyofuata, ukacheka mwaka mzima). Ulikaa kando yangu pale kwenye ngazi, ukaniambia, "Deo, hizi zimelala. Kazi yangu ni kuhakikisha haziamki."

Tangu siku hiyo, kila ulipozipaka mafuta mimi nilikaa koridoni, kwenye kile kiti cha mbao, mlango umerudishwa, nawe ukinisimulia kwa sauti kutoka ndani. Hii ni ya Kifini, iliwashangaza Warusi katika theluji. Hii ni ya Kirusi, iliundwa baada ya kushangazwa. Hii ya Kijerumani, hii ya Kiswidi ambayo haijawahi kumkosea mtu wa hapa. Na hii ya Kiingereza, ya mabomba mabomba, kama imeunganishwa na fundi wa maji aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani, ndiyo aina aliyobeba babu yako alipokuwa keya, askari wa Mwingereza, kule Burma. Ukimaliza ulikuwa unaiambia kila moja, "Lala salama," ndipo nasikia mlango wa chuma unafungwa. Miaka kumi na mitano ya koridoni, Fundi. Nazijua bunduki zako kama mtu anavyojua ugomvi wa jirani, kwa masikio tu.

Lakini tuseme kweli, ulizipenda bunduki, ila sheria uliipenda zaidi. Sijawahi kuona mtu anayefurahia kukatazwa kama wewe. Kila moja na kibali chake. Mkusanyo lazima uwe na mada na mipaka, mtu haokoti tu anachokipenda, na ombi lako la kwanza lilikataliwa kwa sababu ulijaza ukurasa mzima wa kwa heshima na taadhima, ile mada ikaja kuonekana ukurasa wa nne. Kabati limefungwa kwa nondo kwenye zege. Na ufunguo asijue mtu mwingine yeyote mahali ulipo, hata mke.

Hilo la mke nikuambie lilivyoishia. Tulipotoka kukuzika, Rispa alifungua ile bahasha uliyomwachia. Ufunguo ulikuwa nyuma ya saa ya ukutani, ile yenye ramani ya Kenya, ambayo yeye mwenyewe ameifuta vumbi kila Jumamosi tangu mhamie hapo. Aliigeuza saa mkononi. Kisha akasema, "Shemeji, nimelala na huyu mtu miaka thelathini na minne, kumbe ufunguo uko nyuma ya Turkana." Tulicheka mpaka tukashikilia meza. Halafu kicheko kikamgeukia, akalia, nami nikaenda jikoni kujifanya naosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Polisi waliandika barua ya adabu sana. Walitoa pole. Walisema sheria inawapa walioachwa mwaka mmoja tangu kifo: wampate mwenye kibali wa kuzipokea, au wazisalimishe zikaharibiwe. Kwa muda huo zikae kabatini, na familia iwajulishe imeamua nini. Mwaka ni mrefu, nilijiambia, nikavuta pumzi.

Sasa tunafika pale pa aibu.

Siku ya kumaliza matanga tulijaa sebuleni kwako mpaka watu wakakalia viatu vyao. Kwa desturi ya kwenu, vitu alivyovaa na kushika mwanamume haviachwi vikaning'inia, vinagawiwa kwa majina ili kila nyumba ibaki na kitu chake. Koti likaenda, spana zikaenda, kofia ikaja kwangu. Ndipo mzee Shadraka wa ukoo wenu akakohoa, akasema silaha ya mwanamume haipitwi kimya kimya, nyumbani ungekuwa mkuki. Rispa akasema kabati halifunguliwi. Mzee akasema hakuna aliyesema lifunguliwe, yasemwe tu, marehemu asije akaona tumemruka. Basi yakasemwa. Ya Kirusi kwa Mchungaji Eliya, ya Kijerumani kwa mzee mwenyewe, ya Kiswidi kwa katibu wetu Kefa, ya Kifini kwangu, na ya Kiingereza kwa Rispa kwa sababu ni ya babu. Kila mmoja akasema nimepokea, tukapiga makofi matatu, tukarudi kwenye chapati. Chumba kizima hakuna aliyekuwa na shaka tumefanya nini.

Tatizo ni Kefa. Unamjua Kefa wako. Mtu aliyewahi kuandika muhtasari wa sherehe ya kumwogesha mtoto, wenye waliohudhuria na waliotoa udhuru. Aliandika: "Ajenda ya sita: Ugawaji wa silaha za marehemu. Ilikubalika kwa kauli moja kwamba rashasha zigawiwe kama ifuatavyo." Chini yake jedwali. Mchungaji Eliya, Rinkeby, ya Kirusi. Ndugu Deogratias, Vårby gård, ya Kifini. Na kadhalika. Kisha, kwa moyo wake mwema, akaona barua ya polisi mezani kwa Rispa, akaona wanataka kujulishwa, akautafsiri muhtasari kwa Kiswidi chake anachojivunia na kuwatumia bila kumuuliza mtu. Kefa anaamini kwamba hakuna serikali isiyotulizwa na jedwali.

Fundi, unajua redio inavyoitaja mitaa yetu kila bunduki inapolia. Mfikirie yule afisa na kahawa yake ya asubuhi, anafungua bahasha, anasoma kwamba bunduki tano za kufyatua mfululizo zimegawiwa kwa watu watano kwenye vitongoji vya mji mkuu, kwa kauli moja, na makofi.

Walifika Märsta kwanza, magari mawili. Wakakuta zote tano kabatini, zinang'aa. Lakini karatasi ni karatasi, ikabidi waulize na wengine. Mchungaji walimkuta Rinkeby katikati ya mazoezi ya kwaya. Wakamuuliza kama amepokea silaha, naye ni mtu asiyesema uongo, akajibu kwamba amepokea, ila hajaenda kuichukua. Sauti ya kwanza na ya pili zote zikanyamaza.

Kwangu walikuja vijana wawili, wapole. Nikawaomba wavue viatu, wakatazamana, wakasema watasimama tu mlangoni. Nilitaka kueleza yote vizuri, kikatoka hiki: "Nimepewa ya Kifini, lakini sijawahi kuigusa, naiogopa." Mmoja akaandika kila neno. Jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye kwa miaka minane hajawahi kunijibu salamu, alichungulia. Sasa ananisalimia kila asubuhi, tena yeye ndiye anayeanza.

Barua ya pili haikuwa na pole. Kitengo cha silaha kilikuwa kinafikiria kutosubiri mwaka uishe. Inaonekana, waliandika, kwamba walioachwa hawaielewi sheria. Nyumba yako, Fundi! Wewe uliyekuwa unapiga simu kuuliza kama bawaba za kabati zimekaa kisheria! Nilikwenda Märsta, nikamwomba Rispa aniruhusu nikae kwenye kiti changu cha koridoni, nikakuomba radhi kupitia mlangoni. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya katika maisha yangu.

Nikaomba miadi. Afisa mwenyewe anaitwa Annika, mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nilivaa tai ya harusi. Nilimweleza desturi mwanzo hadi mwisho: kwamba hakuna aliyepewa chuma, kila mmoja alipewa wajibu wa kukukumbuka kwa kimoja. Alinisikiliza kama wanavyosikiliza hapa, bila hata kutikisa kichwa, hujui kama umeingia au umebaki nje. Akasema hilo la kukumbuka analielewa, ila karatasi mbele yake inasema imekubalika kwa kauli moja. Akaigeuza karatasi, akatafuta kitu kule chini, akaigeuza tena. Akauliza nani aliuhakiki muhtasari huu, maana kwao kila kikao humteua mtu wa kuusoma na kuutia sahihi, na hapa haoni sahihi ya mtu huyo.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia sisi muhtasari husomwa na kuthibitishwa kikao kinachofuata, na hicho bado hakijakaa.

Annika akavua miwani. "Kwa hiyo haujathibitishwa," akasema.

"Bado."

"Basi hii ni rasimu tu," akasema, akaiweka kando ya meza, akaishiwa ukali wote usoni. Kumbe Wakenya na Waswidi ni ukoo mmoja, Fundi, na miaka yote hii hukuniambia. Kwa wote wawili jambo halijatokea mpaka lisomwe, liungwe mkono na kutiwa sahihi. Akauliza kikao kinachofuata ni lini. Nikasema Jumamosi. Hapakuwa na kikao chochote Jumamosi. Nilimpigia Kefa kabla sijafika mlango wa nje.

Annika alikuja, unaamini? Bila sare, na keki ya mdalasini aliyooka mwenyewe. Kefa akamwandika chini ya "Mwalikwa". Tulitumia saa mbili na dakika ishirini kwenye yatokanayo. Rispa alipendekeza neno "zigawiwe" liondolewe, pawekwe kwamba waliotajwa wamekabidhiwa kumbukumbu ya marehemu, na kwamba silaha zote zibaki kabatini kama sheria inavyotaka. Mchungaji akaunga mkono kwa nguvu zisizo za kawaida. Mzee Shadraka akapendekeza Annika ndiye auhakiki. Akakataa kwa heshima kwa sababu ana maslahi, na Kefa akaandika kwamba amekataa kwa heshima kwa sababu ana maslahi. Mgeni wetu alikula chapati tatu, tena sikuzihesabu mimi, zimo kwenye muhtasari.

Kwenye mengineyo Annika aliomba nafasi. Alisema anakukumbuka. Kwamba ulikuwa unafika na faili lako lenye kurasa za rangi, na kabla ya yote unamuuliza mbwa wake anaendeleaje na mguu. "Wengi wanaokuja kwangu wanatafuta njia ya kuikwepa sheria," alisema. "Zakayo alikuja kuniuliza kama haiwezi kubanwa kidogo zaidi." Watu walicheka. Rispa hakucheka, alitazama kitambaa cha meza kwa muda, akakinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka tayari.

Mwaka wetu tukarudishiwa, ingawa ulikuwa umebaki miezi minne. Niliandikia kila mahali. Wakusanyaji wenye vibali walitaka moja moja, huyu ya Kiswidi, yule ya Kifini, kama watu wanaochagua nyanya. Mwisho makumbusho madogo ya kijeshi, saa mbili kwa treni kutoka mjini, yakakubali kuchukua nne. Nne. Ya Kiingereza hawaitaki. Wanazo mbili za aina hiyo stoo, zina sura mbaya, ziko nyingi duniani, ipelekwe tu ikayeyushwe. Ile ya babu.

Nilikaa na barua hiyo siku kadhaa. Kisha nikachukua kadi, ya ukubwa wa zile wanazobandika kwenye vioo vyao, nikaandika kwa Kiswidi yale niliyoyasikia kwa masikio kupitia mlangoni. Kwamba mtu kutoka Vihiga, Kenya, aliibeba bunduki ya aina hii kwenye mvua ya Burma. Kwamba ilikuwa inakwama, akaiamini miguu yake zaidi. Kwamba alirudi nyumbani na koti moja na mazoea ya kulala ameketi, hakumwambia mtu kwa nini, hata wanawe, ila mjukuu siku moja wakimenya mahindi. Na kwamba mjukuu huyo alikua, akawa fundi wa ndege Uswidi, akaitafuta bunduki ile mpaka akaipata, ili aione imefungiwa.

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa sababu mimi pia nililala nimeketi mwaka wangu wote wa kwanza hapa, Fundi, mgongo ukutani na viatu miguuni, na sikuwahi kukuambia. Lakini ulijua. Ulijua siku ile uliponiletea kiatu kwenye ngazi, ndiyo maana hukucheka. Ulikuwa umeshamwona mtu kama mimi, ulizaliwa ukamkuta nyumbani. Sikuliandika hilo kwenye kadi. Naliandika hapa.

Mkuu wa makumbusho alipiga simu. Alisema kadi ameisoma mara mbili, na zile mbili za stoo hazina kadi yoyote. Watachukua zote tano. Ila hawana watu wa kutosha, kwa hiyo kuna sharti: kila mwaka theluji ikiyeyuka, mtu anayezijua aje azipake mafuta na kuwasimulia wageni. Akauliza kama mimi nazijua. Nikasema nazijua sana. Nilinyamaza kuhusu koridoni.

Huko ndiko ninakotoka leo. Waliniwekea meza, mafuta, vitambaa na glavu nyeupe. Hapakuwa na kiti mlangoni, nilitazama. Nilianza na ya Kiingereza ili nikizimia nizimie mapema. Nikaishika. Fundi, kumbe ina uzito wa mtoto mchanga. Miaka yote ya hadithi, na hilo hukuwahi kuniambia. Nilisimama nayo vilevile, mkono mmoja chini na mmoja juu, kama wanavyokukabidhi mtoto wa mtu, na sikuzimia.

Nilizifuta zote tano. Nilizirudisha kwenye kioo, pamoja, kwa mpangilio wako. Kabla ya kufunga nikaiambia kila moja, lala salama. Mkuu wa makumbusho akauliza nimesema nini. Nikamwambia ni sehemu ya utaratibu wa matunzo. Akachukua kalamu akaniomba nimwandikie herufi kwa herufi, akaingiza kwenye daftari lao, kati ya mafuta na kufunga kioo. Wewe ungefurahi mpaka ufe tena.

Rispa yuko salama. Saa bado iko ukutani, lakini sasa anaifuta vumbi mbele na nyuma. Kefa anataka barua hii isomwe kwenye kikao, nimemwambia haina jedwali. Koti lako Mchungaji analivaa kanisani, linambana.

Treni inaingia mjini, lazima nifunge. Nakuahidi kwamba kila mwaka theluji ikiyeyuka nitapanda treni hii, na kofia hii isiyoniingia, niende nihakikishe haziamki. Jana, kuamkia safari, nilidhani nitarudia kulala nimeketi, lakini nilivua viatu na kulala chali mpaka asubuhi, nikaota umekaa kwenye ngazi. Wewe kazi umemaliza. Nimepokea.

Lala salama, Fundi.

Deo wako wa koridoni